Ufa wa Suswa na Maana ya Kujua

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa, kaunti ya Narok, na ufa ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Zikavuma habari kwamba Afrika inagawanyika. Baadhi ya wanajiolojia wakapinga: maji yalikomba majivu laini ya volkano chini kwa chini, hadi juu pakatitia.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukariri maelezo yote mawili na kufaulu mtihani. Je, amejua? Nadhani anayejua ni yule awezaye kusema ni ushahidi gani ungemfanya aliache jibu lake.

Basi apewe ufa wenyewe autegue. Bonde la Ufa hupanuka milimita chache kwa mwaka. Tukikadiria 5, mita moja huhitaji miaka 200. Kwa kuwa kasi hiyo haiwezi kupasua ardhi ghafla, darasa litatangaza kwamba nadharia ya mgawanyiko imekufa. Hapo mwalimu awatajie Afar, Ethiopia, mwaka 2005: magma ilijipenyeza kwenye ufa wa kilomita 60 hivi, na ardhi ikaachana hadi mita 8 ndani ya majuma machache. Hesabu yao haikuwa na kosa, ila wastani wa karne hausemi lolote kuhusu juma moja. Sasa watatafuta maswali makali zaidi. Afar ilitetemeka mara nyingi, Suswa je? Nguzo za uzio zilizo pande mbili za ufa zimetengana kuliko zamani, au ni udongo wa katikati tu uliotoweka?

Kisha wajaze majivu na mchanga katika chupa ya plastiki iliyokatwa, wamimine maji, waone yanavyojichimbia njia kabla uso haujabonyea. Wengi wanaosifu masomo ya vitendo huishia hapa, na huishia mapema. Chupa imethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana, wala haijathibitisha kwamba ndilo lililotokea. Anayechunguza mwendo wa jiwe hulidondosha tena na tena. Machi ile hairudiwi. Zimebaki alama zake, na huenda zikasema kwamba maji yalipita katika ufa wa kale, hivyo kila upande una sehemu ya ukweli.

Kijana asiharakishwe kuchagua. Siku moja huenda akaulizwa barabara ijengweje. Akiamini ni bara linalopasuka, atafukia shimo na kungoja. Akishuku maji, atauliza kwanza mtaro uelekezwe wapi.