JE, NI HAKI MATIBABU YA MGONJWA YAAMULIWE KWA KURA?



Liko jambo moja linalowasumbua watu mioyo wanapouguza, nalo ni hili. Mgonjwa analetwa hospitali amepooza upande mmoja wala hasemi. Daktari anawaambia jamaa kwamba iko dawa inayojaribiwa, na kwamba wakikubali, kura ndiyo itakayoamua kama mgonjwa wao atatiwa dawa hiyo au atatiwa maji ya chumvi yanayofanana nayo kwa macho. Jamaa hushtuka. Huuliza, "Je, mzee wetu ni panya wa kujaribiwa? Na kama dawa ipo, kwa nini apewe maji?"

Swali hili si la ujinga. Ni swali la haki, nasi Wakristo yatupasa kulijibu kwa utulivu.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Kiharusi ni cha namna mbili. Namna iliyo nyingi zaidi ni pale mshipa wa damu kichwani unapozibwa. Namna ya pili ni pale mshipa unapopasuka na damu ikamwagika ndani ya ubongo. Hii ya pili huwapata watu wachache zaidi, lakini huua zaidi, na mara nyingi chanzo chake ni presha ya damu iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa. Kwa nje zote mbili hufanana: uso kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama. Hata bingwa hawezi kuzitofautisha kwa macho tu mpaka kichwa kipigwe picha kwa mashine. Tena, katika saa za kwanza damu yaweza kuendelea kuvuja, bonge lake likakua na kuubana ubongo. Kupasua kichwa kunahitaji mabingwa na vyombo, na si kila mgonjwa anafaa kupasuliwa. Ndipo madaktari walipojiuliza: Je, tukiongeza juu ya matibabu ya kawaida kitu cha kuzuia damu isivuje, bila kisu, hatutaokoa watu wengi?

Wazo hilo ni jema, na mtu yeyote mwenye huruma angelipenda. Lakini wazo jema na jambo la kweli si kitu kimoja. Natuyatazame yaliyotokea.

Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio, kwa wagonjwa 399, la dawa ya kugandisha damu iliyotengenezwa maabara. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa tupu, 29 walikuwa wamekufa baada ya miezi mitatu. Katika kila 100 waliopewa dawa yenyewe, walikufa 18. Wengi walifurahi, na ungaliweza kusema kazi imekwisha. Hata hivyo jaribio likarudiwa kwa wagonjwa 841, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Dawa ilipunguza kweli kukua kwa bonge la damu, lakini waliopewa hawakupona vizuri kuliko wenzao, wala hawakufa wachache zaidi. Na baadhi ya waliopewa kipimo kikubwa walipata madhara, damu ikaganda katika mishipa isikotakiwa.

Mwaka 2016 likaja jambo la kututia hofu zaidi. Wako watu wanaotumia aspirini au dawa za namna hiyo, ambazo hudhoofisha chembe za damu zinazoziba jeraha. Mtu kama huyo akipata kiharusi cha kuvuja damu, akili ya kawaida yasema, "Mwongeze chembe hizo kutoka kwa mtu mwingine." Madaktari wengi walikuwa wakifanya hivyo, kwa moyo mwema. Ndipo wagonjwa 190 wa Uholanzi, Uingereza na Ufaransa wakagawanywa kwa kura, wengine wakaongezewa chembe, wengine wakapewa matibabu ya kawaida tu. Kati ya 97 walioongezewa, walikufa 23 wakiwa hospitali. Kati ya 93 wasioongezewa, walikufa 16. Na baada ya miezi mitatu, walioongezewa walikuwa na hali mbaya zaidi kwa jumla. Hivyo huruma isiyopimwa ilikuwa ikiwadhuru watu, na aliyekuwa akiitenda hakuwa na njia ya kulijua hilo, maana kila mgonjwa alipokufa alisema, "Ni ugonjwa."

Iko dawa nyingine ya bei nafuu iitwayo asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa Japani na mtu na mkewe, Shosuke na Utako Okamoto, ambao walitangaza kazi yao mwaka 1962. Imepimwa sana. Mwaka 2010 ilionekana kuokoa maisha ya majeruhi wanaovuja damu, katika jaribio la watu zaidi ya 20,000. Mwaka 2017 ilionekana kupunguza vifo vya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, hasa ikitolewa mapema, na katika jaribio hilo walikuwamo akina mama wa Tanzania, Kenya na Uganda. Basi nani asingesema kwamba itafaa na kwa damu ivujayo kichwani? Lakini mwaka 2018 yalitoka matokeo ya wagonjwa 2,325 wa nchi 12, katika jaribio lililoongozwa kutoka Nottingham, Uingereza. Katika juma la kwanza walikufa 101 waliopewa dawa, na 123 waliopewa maji ya chumvi. Ilikuwa dalili njema. Lakini ilipofika siku ya 90, waliokufa walikuwa 250 upande mmoja na 249 upande wa pili, na hali ya waliosalia haikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa hiyo mwaka 2022 jaribio jingine kubwa zaidi lilianza, la wagonjwa wanaotibiwa mapema zaidi, kabla ya saa nne na nusu kupita tangu ugonjwa uanze.

Sisi walimu tulifundishwa jambo hili chuoni kwa njia nyepesi. Ukitaka kujua kama njia mpya ya kufundisha kusoma inafaa, usiipeleke kwenye mkondo wa watoto hodari, kisha ukajisifu mwisho wa mwaka. Wangesoma hata kwa njia ya zamani. Wachanganye watoto, uwagawe bila upendeleo, ndipo ulinganishe. Kura hospitalini ina kazi hiyohiyo. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, huenda akawapa dawa wale anaowaona wana matumaini, halafu dawa ikasifiwa kwa sababu ya nguvu za wagonjwa. Kura haina rafiki wala jamaa. Haitazami cheo cha mtu wala mfuko wake.

Hata hivyo bado hatujalijibu swali la yule jamaa wa mgonjwa. Yeye hakuja hospitali kwa ajili ya elimu ya dunia. Amekuja kwa ajili ya baba yake. Na Bwana wetu alitufundisha habari za mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Je, jaribio halifanyi kinyume chake? Halimwachi huyu mmoja kwa faida ya wale tisini na tisa wa kesho?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami naona mfano wa kutusaidia umo katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Mitume walipotaka kujaza nafasi ya Yuda, waliweka mbele watu wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya. Kisha waliomba, wakapiga kura. Tuangalie vema: kura haikupigwa kati ya mtu mwema na mtu mwovu. Ilipigwa kati ya watu wawili ambao wote walionekana kufaa, na akili ya binadamu ilikuwa imefika mwisho wa kuchagua. Kama mmojawapo angejulikana kuwa hafai, kura ingekuwa dhambi.

Ndivyo ilivyo na mgonjwa. Kura ni halali pale tu ambapo madaktari kwa kweli hawajui lipi ni bora, kupewa dawa au kutopewa. Kama wanajua kwamba dawa inaponya, kumnyima mtu ni ukatili. Kama wanajua kwamba inadhuru, kumpa ni kumuua. Lakini wakiwa hawajui, yule anayepata maji ya chumvi hakuachwa nyikani. Katika jaribio la chembe za damu, aliyekosa ndiye aliyenusurika! Na kwa kuwa dawa hii ni ya nyongeza tu, kila mgonjwa apewe kwanza matibabu yote yanayojulikana, bila kupunguziwa hata kimoja. Hapo mchungaji hajamwacha kondoo mmoja. Anawatafuta wote wawili kwa mwanga wote alio nao, na palipo giza anakiri kwamba ni giza.

Kukiri huko ndiko kugumu. Daktari hupenda kuonekana anajua, na sisi hupenda daktari anayejua. Lakini kusema "najua" pasipo kujua ni uongo, hata ukisemwa kwa sauti ya upole kando ya kitanda.

Wala tusidhani kwamba kila kinachoitwa utafiti ni kitakatifu. Huko Marekani, Tuskegee katika jimbo la Alabama, tangu mwaka 1932 hadi 1972 watu weusi wapatao 600 walichunguzwa kwa habari ya ugonjwa wa kaswende. Wagonjwa hawakuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipojulikana kuwa dawa yake, walinyimwa, ili wachunguzi waendelee kuandika jinsi ugonjwa unavyoendelea. Hiyo haikuwa elimu bali dhuluma. Tofauti haiko katika hesabu wala vyombo. Iko katika mambo mawili: ukweli, na utu wa mgonjwa. Kwa sababu hiyo mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Helsinki na kutoa tamko kwamba manufaa ya elimu yasiwekwe juu ya mtu mwenyewe, na kwamba mtu aombwe ridhaa yake.

Basi mgonjwa asiyeweza kusema ataombwaje? Huombwa jamaa wa karibu. Pengine, kwa kuwa saa zinakwenda, huruhusiwa daktari mwingine asiyehusika na jaribio aamue, kisha mgonjwa akipata fahamu huambiwa yote na kuulizwa kama ataendelea. Sisemi kwamba jambo hili limekwisha kuwa sawa kabisa. Kumwamulia mwingine ni mzigo, na anayeubeba na aubebe kwa kumcha Mungu. Kwa hiyo ni vizuri tuzungumze nyumbani tukiwa wazima, ili watoto wetu wajue tunataka nini.

Na likitufikia, tuulize bila woga, maana kuuliza si ujinga. Je, mgonjwa wetu atapata matibabu yote ya kawaida, hata tukikataa? Ni madhara gani yanayotazamiwa? Je, wako watu wengine wanaolisimamia jaribio hili, wenye uwezo wa kulisimamisha likidhuru? Na dawa ikionekana kufaa, je, itapatikana kwa watu kama sisi, au tutakuwa tumelima shamba wavune wengine? Daktari mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Akichukizwa, hilo nalo ni jibu.

Yako pia matunda mema. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 7,036 katika hospitali 121 za nchi kumi, na Nigeria ikiwa mojawapo. Hapo haikujaribiwa dawa mpya ya ajabu. Walifanya mambo ya kawaida, ila kwa upesi na kwa pamoja: kushusha presha, kuangalia sukari, kutuliza homa, na kuzima nguvu ya dawa ya kuzuia damu kuganda kwa yule anayeitumia. Hospitali zilipangiwa kwa kura lini zianze utaratibu huo. Waliotibiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko wenzao. Faida hiyo ilijulikana kwa hakika kwa sababu maelfu ya wagonjwa walikubaliwa, na wao au jamaa zao, waingie katika hesabu. Hatuwajui kwa majina, lakini ni jirani zetu.

Mwisho, neno kwetu sisi wenyewe. Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Jirani yangu alipooza, akanywa mizizi fulani, sasa anatembea." Huenda ni kweli kwamba alikunywa, na ni kweli kwamba anatembea. Lakini wako waliokunywa wakazikwa, nao hawatoi ushuhuda. Wako ambao hawakunywa chochote nao wanatembea. Mtakatifu Paulo aliwaonya Wathesalonike kwamba mambo yote yapimwe, na lililo jema ndilo lishikwe. Kupima hivyo si kukosa imani. Tuwaombee wagonjwa wetu kwa moyo wote, tuwapeleke hospitali upesi, tupime presha zetu kabla ya msiba, wala tusimpe mgonjwa tumaini ambalo sisi wenyewe hatukulipima.

Mungu awape madaktari wetu hekima, na zaidi ya hekima, ukweli.