Ukweli Usiosema Ulikotoka
Je, mtafiti aliyetoa namba sahihi, lakini akanyamazia namna alivyoipata, amesema kweli? Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba ya kwanza, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote nchini Tanzania. Makala inayonukuu asilimia hiyo bila umri humfanya msomaji amfikirie kila binti wa kata ya Kawajense mkoani humo mwenye sare ya shule, ilhali mke wa miaka 19 naye alihesabiwa, na sampuli, yaani kundi dogo lililochaguliwa kuwakilisha mkoa, haiwezi kuisemea kata moja. Mwongozo wa STROBE wa 2007, unaohusu tafiti za kuchunguza bila kuingilia kati, hutaka hayo yaelezwe, pamoja na waliokataa kushiriki. Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walitangulia kudai hivyo kwa karne nyingi, kwani habari isiyo na isnadi kamili, yaani mlolongo wa wapokezi, waliihesabu dhaifu hata maudhui yake yakipendeza. Ila wao waliuliza hasa nani alipokea kwa nani, na STROBE huuliza mtafiti alipimaje.