Neno "Haiumi": Je, Tunayo Haki ya Kumdanganya Mtoto Mgonjwa?

Swali ninaloliandikia hapa ni dogo kwa sura. Je, ni halali kwa Mkristo kumwambia mtoto mgonjwa kwamba sindano haiumi, ilhali anajua kwamba inauma? Nimelileta mara kadhaa darasani, katika somo la maadili ya Kikristo, na kila mara wanafunzi wangu hucheka kwanza. Wengi wao ni wazazi. Huniuliza, "Mchungaji, hilo nalo ni dhambi?" Kisha mmoja hukumbuka jinsi alivyopelekwa zahanati akiwa ameambiwa anakwenda kununuliwa soda, na kicheko hupungua.

Ninayo sababu ya kuliuliza. Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia nilipelekwa kwa wiki kadhaa kujifunza huduma ya kichungaji hospitalini. Katika wodi ya watoto alikuwapo mvulana wa miaka sita au saba aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani na mkononi. Anayevijua vidonda vya moto anajua kwamba bandeji hugandamana na nyama, na kuibandua ni mateso. Siku moja mama yake alikuwa amekwenda kufua, muuguzi yuko peke yake, akaniomba nimsaidie kumshika mtoto. Nilimwinamia nikamwambia, kwa sauti nzuri kabisa ya kichungaji, "Usiogope, haitauma." Nikamshika mabega. Iliuma. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na muda wote huo alikuwa akinitazama mimi, si muuguzi.

Kesho yake nilirudi na kitabu cha picha za Biblia. Nilikaa kando ya kitanda nikaanza kumweleza jinsi Bwana Yesu anavyowapenda watoto. Akageukia ukutani. Nilirudi siku ya pili na ya tatu, akageukia ukutani. Mama yake aliona haya, akamkemea, "Msalimie Mchungaji!" Akatoa "shikamoo" bila kugeuza uso. Mwanzoni nilidhani ana hasira tu, nayo itapoa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtoto yule alikuwa amefanya hesabu sahihi. Mtu aliyemwambia kwamba kidonda hakitauma ndiye huyo huyo aliyekuwa akimwambia kwamba Mungu anampenda. Juu ya neno la kwanza alikuwa na ushahidi mwilini mwake. Kwa nini aliamini la pili?

Tukubali pia kwamba uongo huu hauanzii hospitalini. Nyumbani kwetu sindano ni fimbo ya akiba. "Nyamaza, au nitamwita daktari akuchome!" Nimeyasikia maneno hayo hata ibadani, yakinong'onwa kwenye mabenchi ya nyuma. Kisha siku mtoto anapougua kweli, mzazi yule yule humwambia kwamba daktari ni mtu mwema na sindano haiumi. Tumemtisha kwa uongo, na sasa tunamfariji kwa uongo.

Wanafunzi wangu hujitetea kwa hoja nzito kuliko wanavyojua. Husema kwamba uongo wa upendo si uongo. Augustino asingewakubalia, yeye aliandika vitabu viwili juu ya uongo na hakuacha mlango wowote wazi. Luther alikuwa mlegevu zaidi. Akiwafundisha wanafunzi wake Kitabu cha Mwanzo, alikubali kwamba uko uongo unaosemwa ili kumwokoa jirani na hatari, na kwamba huo haufanani na uongo wa kumdhuru. Kwa hiyo Mlutheri anaweza kudhani kwamba Amri ya Nane haimgusi pale kando ya kitanda. Lakini kipimo cha Luther ni jirani. Uongo ule unamtumikia nani? Nikiulizwa mimi juu ya siku ile, jibu ninalo. "Haitauma" haikumpunguzia mvulana yule maumivu hata chembe. Ilinipunguzia mimi. Ilinipa nafasi ya kumshika mabega nikijiona mtu mwema, kazi iishe upesi, twende kwenye kitanda kingine.

Wako watu waliolifanya jambo hili kuwa kazi yao ya kila siku. Mwaka 1955, katika hospitali ya jiji la Cleveland, Marekani, daktari wa watoto Frederick Robbins, aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia kwa utafiti wa virusi vya polio, alimwalika mwalimu mmoja aje kuwahudumia watoto waliolazwa. Mwalimu huyo alikuwa Emma Plank, mzaliwa wa Vienna, aliyesomea mbinu za Montessori. Hakuletwa kutibu. Aliletwa kwa sababu mtoto anayelala wodini majuma na miezi anaendelea kuwa mtoto: anakua, anaogopa, anauliza, anataka kucheza. Huduma aliyoianzisha ilipewa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "maisha ya mtoto", na mwaka 1962 alichapisha kitabu kinachoieleza. Huko Umeå, Sweden, Ivonny Lindquist alianza kazi ya namna hiyo mwaka 1956, na tangu 1977 sheria ya Sweden inampa mtoto aliyelazwa haki ya kucheza. Wamisionari wa nchi hiyo walituletea hospitali na Katekisimo. Rangi na midoli havikuwamo katika masanduku yao, lakini siwalaumu, kwa maana wakati huo hata kwao havikuwamo.

Wanafanya nini hasa? Mtoto anayekwenda kupasuliwa hupewa mdoli, na pamoja na mdoli vifaa halisi: bomba la sindano lisilo na sindano, plasta, kitambaa cha kufunika mdomo, mpira wa dripu. Mtaalamu humwonyesha hatua kwa hatua yatakayofanyika, kwa maneno ambayo mtoto ataweza kuyabeba. Kama kutakuwa na maumivu, anaambiwa. Anaambiwa yatakaa kwa muda gani, na kwamba kulia kunaruhusiwa ila mkono usitikisike. Anapewa kuchagua yale yanayoweza kuchaguliwa: mkono wa kulia au wa kushoto, kukaa kitandani au mapajani mwa mama, kutazama au kupuliza mapovu ya sabuni. Kukataa dawa hakumo katika orodha, na hilo nalo anaambiwa wazi. Upo pia uchoraji, muziki, udongo wa kufinyanga, kwa ajili ya yale ambayo mtoto hana maneno yake. Nimewahi kuona mchoro wa wodi, vitanda vimepangwa vizuri, na katikati muuguzi mwenye mikono mirefu inayofika darini. Sikuhitaji ufafanuzi.

Tena iko kanuni moja ambayo naiona kuwa ya kiroho, ingawa walioiweka hawakuiita hivyo: katika chumba cha michezo hakuna sindano. Hakuna vidonge, hakuna kuchukuliwa damu. Daktari akimhitaji mtoto, mtoto hutolewa nje kwanza. Pawepo mahali pamoja hospitalini ambapo mtu mzima akiingia, mtoto hana haja ya kutazama mikono yake.

Najua mtu atasema nini, kwa sababu nimesema mimi mwenyewe katika vikao vya bodi. Hospitali zetu hukosa glavu, na wewe unaomba kalamu za rangi? Pingamizi hili ni la haki, na atakayelipuuza hajawahi kusimama kwenye foleni ya duka la dawa la hospitali yetu. Lakini lichunguzwe vizuri. Midoli ya mabaki ya khanga inashonwa na akina mama wa usharika kwa mchana mmoja. Mapovu ni sabuni na maji. Kumwambia mtoto ukweli hakuna bei kabisa. Kilicho ghali ni muda, dakika zile kumi za kuketi naye kabla ya kumshika, na muuguzi mmoja mwenye vitanda arobaini hana dakika hizo. Hapo sina jibu la haraka, wala sitamlaumu muuguzi. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi, siku ile, nilikuwa na dakika zangu zote na sikuzitoa.

Tunalo hata jambo moja ambalo wenzetu walilipata kwa shida. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha huko Uingereza filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Siku hizo wazazi walizuiwa kukaa na watoto wao wodini, na filamu ile, inayomwonyesha mtoto akijizuia kulia, iliwakasirisha madaktari wengi. Ni mwaka 1959 tu ndipo ripoti ya kamati ya Platt ilipopendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila kubanwa na saa. Kwetu mama hulala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe, na hakuna aliyehitaji kamati. Hata hivyo mara nyingi mama huyo huyo ndiye anayeambiwa, "Shika miguu," kabla ya yeye mwenyewe kuelezwa kinachofanyika. Tukimweleza yeye, tayari tuna mtu wa kumweleza mtoto.

Pingamizi lililo gumu kuliko la fedha ni la kifo. Sindano sawa, watu huniambia, lakini mtoto mwenye saratani asiyepona, naye aambiwe? Desturi zetu nyingi husema hapana; mtoto hajui, aachwe asijue. Mwaka 1978 Myra Bluebond-Langner alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa Marekani waliokuwa na saratani ya damu, na aliyoyakuta yananizuia kusema kwa urahisi kwamba mtoto hajui. Watoto wadogo, wengine hawajafika umri wa kwenda shule, walijua kwamba wanakufa ingawa hakuna aliyewaambia. Walijua kwa kutazama nyuso, kwa kulinganisha dawa, kwa kuona ni mtoto gani hakurudi tena kliniki. Nao walinyamaza. Waliona kwamba wazazi wao wanahitaji wao wasijue, basi wakawapa wazazi wao zawadi hiyo. Mtoto wa miaka mitano akibeba kifo chake peke yake ili kuilinda nafsi ya mama! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu.

Luther hakufanya hivyo kwa binti yake. Magdalena alipokuwa akifa, mwezi Septemba 1542, akiwa na miaka kumi na mitatu, baba yake alipiga magoti kando ya kitanda akilia, na wale waliokuwapo wanasimulia kwamba alimwuliza kama yuko tayari kukaa na baba yake hapa, na yuko tayari pia kwenda kwa Baba yake wa mbinguni. Akamjibu kwamba iwe kama Mungu apendavyo. Tazama kwamba aliulizwa. Sisemi kila mtoto aulizwe hivyo, wala kila baba ana nguvu hiyo. Kuna mtoto anayetaka kujua leo kama atakula ubwabwa tu, na huyo apewe jibu la ubwabwa. Ukweli hukatwa kwa kipimo cha anayeupokea, kama mkate. Ila kukata mkate vipande vidogo ni tofauti na kumpa mtoto jiwe, na Bwana wetu alilitaja jiwe hilo (Mathayo 7:9).

Sikumwona tena mvulana wa uji wa moto baada ya wiki zangu kwisha. Nimeambiwa alipona.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu katika wodi ambayo ina meza moja na kabati la mbao lenye midoli ya khanga, huduma inayoendeshwa na muuguzi mmoja na akina mama wawili wa usharika wa jirani. Nilikuwa nimebeba hadithi zangu za Biblia, na muuguzi akanisihi kwa heshima kwamba mezani pale watoto hawahubiriwi, wanacheza. Basi nikakaa kwenye kiti kidogo. Msichana mmoja aliyekuwa na dripu mkononi alinitazama kola yangu kwa muda, kisha akanikabidhi bomba la sindano na kunisogezea mdoli.

"Mchome," akasema.

Nikanyoosha mkono. Akanizuia.

"Mwambie kwanza, Mchungaji."

Nikamwambia mdoli kwamba itauma, nami nitahesabu mpaka tano, na ikifika tano nitakuwa nimetoa sindano. Msichana akamshika mdoli mkono mwingine. Tukahesabu wote wawili.