Wasia wa Rubani

Bibi yangu mzaa mama, ambaye Bagamoyo alizaliwa na Bagamoyo akazikwa, alikuwa na kasha lililokaa mvunguni mwa kitanda chake, na chini kabisa ya kasha hilo, chini ya doti za kanga ambazo hakuzivaa, aliweka bafta nyeupe iliyokwisha kukatwa vipande vitano, pamoja na fundo dogo la karafuu maiti. Kila mwaka, masika yalipokwisha, aliitoa bafta ile akaianika uani, naye akaketi kibarazani kuilinda, akitukataza sisi watoto tusiisogelee kwa mikono yetu yenye mafuta ya maandazi. Ilikuwa ni sanda yake. Aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, ili siku yake ikifika asiwepo mtu wa kuhangaika madukani wala wa kukopa kwa ajili yake.

Kasha lile lilinirudia moyoni mwezi wa Aprili mwaka 2024, ilipotufikia habari ya kufariki kwa Jenerali Francis Omondi Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Aliingia jeshini mwaka 1984, akafundishwa kurusha ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani, akawa mwalimu wa marubani, akapanda daraja baada ya daraja hata mwaka 2018 akakabidhiwa Jeshi la Anga la nchi yake. Na alasiri ya tarehe 18 Aprili, akikaribia kutimiza miaka 40 ya utumishi, baada ya kuzikagua shule zilizofungwa kwa hofu ya majambazi kule kaskazini mwa Bonde la Ufa, helikopta aliyopanda ilianguka punde tu baada ya kuruka, akafa yeye na wenzake tisa, wakaokoka wawili.

Jumapili ya tarehe 21 alikuwa amekwisha zikwa kwao Ng'iya, Siaya, na alizikwa bila sanduku. Jamaa zake walieleza kwamba ndivyo alivyousia: azikwe katika muda wa saa 72, tena ardhini moja kwa moja.

Kwetu pwani jambo hilo halina ajabu. Aliyefariki alfajiri aghalabu huzikwa kabla ya alasiri. Jeneza ni la msikiti, humpeleka maiti likarudi kumngoja mwingine, naye hulazwa katika mwanandani kwa ubavu wa kulia, ameelekea Kibla, zikapangwa mbao, ukarudishwa udongo. Lakini marehemu huyu hakuwa Mwislamu wala mtu wa pwani. Alikuwa Mkristo, Mjaluo, na mazishi ya kwao huchukua siku nyingi, kwa kungoja jamaa wa mbali na kukusanya gharama. Tena alikuwa amiri, ambaye serikali ingeliweza kumwekea taadhima ya majuma mawili na asiwepo wa kulalamika. Kwa hiyo hakufuata mazoea. Alikaa akafikiri, akiwa na afya yake, akawaambia mkewe na wanawe. Nami nadhani rubani wa kivita, ambaye kila asubuhi ya kazi yake huaga nyumbani akijua kwamba huenda asirejee, hupata wasaa wa kufikiri mambo ambayo sisi wengine twayaahirisha.

Basi swali ni hili: maziko ni haki ya nani, ya maiti au ya waliobaki? Mji wetu umepata kuliona swali hilo kwa macho. Mwezi wa Februari mwaka 1874 Chuma na Susi na wenzao waliingia Bagamoyo na maiti ya bwana wao, msafiri David Livingstone, aliyefariki mwezi wa Mei mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo. Moyo wake waliuzika kule kule, mwili wakautia chumvi na kuukausha juani, wakaufunga mfano wa robota la nguo ili watu wa njiani wasiutambue. Walipofika Unyanyembe, Cameron, msafiri Mwingereza, aliwashauri wamzike hapo, wakakataa. Maiti ililala usiku mmoja katika kanisa la misheni, ikavushwa kwenda Unguja, na ikazikwa London tarehe 18 Aprili 1874, miaka 150 kamili kabla ya siku aliyoanguka Ogolla. Nami siwezi kupita penye mnara wa kanisa lile bila kukumbuka kwamba Livingstone mwenyewe, mwaka 1868, alipoliona kaburi msituni, aliandika katika daftari lake kwamba kaburi la namna ile, penye kimya, ndilo angelipenda.

Wachukuzi wale hawakumdhulumu. Walimpenda, wala hakuwaachia neno. Ila ahali ya Ogolla waliachiwa neno, na naona kulitii kulikuwa kugumu kuliko kubeba robota, kwa sababu mjane anayeambiwa siku tatu ananyang'anywa muda wa kuzoea, naye anakubali. Wala nisijifanye kwamba sisi wa pwani tulikuwa siku zote watu wa udongo mtupu. Atakayekwenda kwenye magofu ya Kaole atayaona makaburi ya mawe yenye nguzo, ambayo wazee wetu waliyapamba kwa bakuli za Kichina. Hata hivyo nasadiki kwamba wasia ule ulikuwa tendo la baba. Aliwaondolea watu wake hesabu ya gharama na mashindano ya heshima kabla hayajaanza, kama alivyofanya bibi kwa vipande vyake vya bafta.

Lakini haraka nayo humkosesha mtu. Bibi alifariki usiku, akazikwa baada ya adhuhuri, na mjomba wangu, mwanawe wa kwanza, alikuwa Tanga; alipofika, magharibi ilikuwa imekwisha adhiniwa na maji yaliyonyunyizwa kaburini yalikuwa bado hayajakauka. Hakumlaumu mtu. Alisoma Fatiha, akarudi nyumbani, akaingia chumbani mwa mamaye, akalivuta kasha kutoka mvunguni na kulifungua, akainama juu ya zile kanga kwa muda mrefu, akivuta harufu ya karafuu maiti.