Kiberiti cha Shemeji

Anayeijua khanga haamini macho peke yake. Huchomoa uzi mmoja pembeni mwa pindo, akauwashia kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ukilisugua kwa kidole linapotea. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka, ukipoa unakuta kishanga cheusi kigumu kama ushanga wa shingoni. Wauzaji wengi wa Kariakoo hawampendi mteja mwenye kiberiti, na sababu mnaijua.

Kisa hiki kilimpata muuzaji mmoja wa Mtaa wa Uhuru, aliyewashiwa kiberiti dukani kwake na shemeji yake mwenyewe, wateja wakitazama. Sitaji majina. Wote wawili wako hai, na bado hukaa mkeka mmoja misibani.

Nianze na mwenye kiberiti. Mzee huyu aliajiriwa Urafiki mwanzoni mwa miaka ya sabini, akapangwa idara ya kuchapa. Kiwanda kile kilifunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kwa mkopo usio na riba kutoka China, pale Ubungo kando ya Barabara ya Morogoro. Pamba ya Usukumani iliingia mlango mmoja, khanga na kitenge vikatokea mlango mwingine. Kusokota, kufuma, kupausha, kutia rangi na kuchapa, vyote vilifanyika ndani ya ukuta mmoja. Kulikuwa na nyumba za wafanyakazi. Kulikuwa hata na bendi, Urafiki Jazz ya Juma Mrisho, yule waliyemwita Ngulimba wa Ngulimba. Siku hizi kijana hupiga kelele ndani ya daladala, "Urafiki nashuka!", na wala hajui kama anataja kiwanda.

Fundi wetu alikuwa mtu mkubwa mtaani. Wakati ule khanga ilitafutwa kama sukari. Bidhaa zilipitia maduka ya serikali ya RTC na ya ushirika, kwa foleni, mara nyingine kwa kibali. Ndugu wa mtu wa Urafiki hakukosa doti ya harusi. Muuzaji wetu alikuwa kijana mwenye kibanda cha nguo Kariakoo, na alipomposa dada wa yule fundi watu wa mtaani walisema amemposa mwenye kiwanda. Maneno ya watu hayo. Lakini ni kweli kwamba mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto na matajiri wengine wakatupa mali usiku, kijana yule hakuwa na cha kutupa. Alichokuwa nacho ni shemeji.

Kuanzia mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akawa rais, na wananchi wenyewe wakambatiza jina la Mzee Ruksa. Rafu za maduka zikajaa. Mitumba ikashuka kwa marobota. Viwanda vyetu vilikuwa tayari vimechoka: mashine za zamani, vipuri vya kununua kwa dola zisizopatikana, umeme wa kukatika. Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma na Kilitex ziliyumba moja baada ya nyingine. Urafiki yenyewe mwaka 1997 ilianza upya kama kampuni ya ubia, Wachina asilimia 51, Tanzania asilimia 49. Katika kupunguza watu, fundi wetu akapewa kiinua mgongo chake.

Alikwenda nacho moja kwa moja Mtaa wa Uhuru. Shemeji yake sasa alikuwa na fremu mbili na stoo, na ameshakwenda Dubai mara nne.

"Shemeji," alimwambia, "mimi najua kuchapa. Nina wenzangu sita waliotoka nami, mmoja ni mchanganya rangi ambaye hana mfano. Kiwanda bado kinafuma. Tuchukue kitambaa cha hapahapa, tuchape khanga zetu, wewe uuze. Faida ya mwanzo itakuwa ndogo."

"Ndogo kiasi gani, shemeji?"

Akamtajia. Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji, nakuheshimu. Lakini Kariakoo haina undugu, ina bei. Hiyo doti unayotaka tuichape Ubungo, nje naletewa hadi bandarini kwa nusu yake."

Alisema kweli, na hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Hakumdanganya mtu. Mama wa Tandika mwenye elfu chache mkononi hawezi kulaumiwa kwa kuchagua doti ya bei nafuu, wala mwenye duka kwa kumletea.

Tena si jambo la jana. Karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kisichopaushwa cha viwanda vyao, watu wakakiita merikani, nacho kikapenya bara hadi kwenye nchi zilizokuwa na wafumaji wao wa pamba, kama Rufiji na Ufipa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaikata pamba, na kitambaa cha Uingereza na cha India kikachukua nafasi. Khanga nyingi walizovaa bibi zetu zilichapwa Manchester na Uholanzi. Leo mabonde ya Lancashire yaliyokuwa yakinguruma kwa mitambo yamenyamaza; viwanda vingine vimegeuzwa nyumba za kupanga, vingine makumbusho. Kutoka Uingereza hiyohiyo sasa tunapokea fulana walizokwisha kuzivaa. Aliyemuua mfumaji wa Rufiji naye aliuawa, na aliyemuua naye alikuwa na bei ndogo zaidi. Fundi wetu hakuijua historia hii. Muuzaji wetu ingemfaa sana kuijua.

Maana miaka ilivyokwenda, alipata bahati. Mkewe, dada wa fundi, ana kinywa. Siku moja baada ya ugomvi wa wifi na wifi alitamka neno ambalo mumewe alilidaka kama kuku wa bure: NIMEKUJA KWA MIGUU YANGU, SITOKI KWA MDOMO WAKO. Akamtafuta kijana mchoraji, akamchorea khanga ya mji wa makorosho mekundu na pindo jeusi lenye mikeka. Akaupeleka mchoro kwenye kiwanda cha ng'ambo, kwa simu tu, picha na maelezo, akatanguliza fedha. Kontena likaja. Khanga ile ilivaliwa Mbagala, ikavaliwa Tanga, ikavuka hadi Comoro. Mawinga, wale madalali wa Kariakoo, walikuwa wakigombea korja dukani kwake kabla hajafungua kufuli.

Mwaka wa pili kiwanda kilimpandishia kiasi cha chini cha kuagiza. Akakopa, akaagiza. Mwaka wa tatu, mzigo wake ukiwa bado baharini, alifika asubuhi akamkuta machinga ametandika turubai mbele ya fremu yake. Juu ya turubai, makorosho mekundu. Pindo jeusi. Neno la mkewe, herufi kwa herufi, isipokuwa "mdomo" imeandikwa "mdomu". Bei ilikuwa chini ya ile aliyolipa yeye kiwandani.

Alipiga simu ng'ambo. Wakamjibu kwa adabu kwamba wao huchapa, na anayeleta oda ndiye mteja. Akamwendea wakili. Wakili akamwuliza, mchoro umeusajili BRELA? COSOTA, watu wa hakimiliki, wanakujua? Mkataba na kiwanda uko wapi? Hakuwa na kitu. Alikuwa na risiti za kutuma fedha na picha kwenye simu.

Ndipo mzigo wake ukafika, marobota hadi dari ya stoo. Na ndipo shemeji akapita kumsabahi, kama alivyokuwa akipita kila Ijumaa baada ya swala.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hizi ndizo zako halisi, na zile za chini ndizo za kuiga?"

"Ndiyo, shemeji. Waambie hawa wateja. Wewe unajua kitambaa."

Mzee akachomoa uzi kwenye khanga ya turubai, akachomoa mwingine kwenye khanga ya rafuni. Akaomba kiberiti kwa muuza kahawa. Akawasha wa kwanza, ukawa kishanga. Akawasha wa pili. Kishanga. Akaviweka viwili kwenye kiganja, akamwonyesha shemeji yake, hakusema neno. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kufungua pochi akaifunga.

Hiki ndicho ninachotaka msomaji akitazame. Muuzaji hakujua. Wallahi hakujua. Oda ya kwanza ilikuwa pamba. Ya pili ilichanganywa. Ya tatu haikuwa na pamba hata ya kusafishia sikio, na yeye aliyekulia katika nguo hakugusa, hakunusa, hakuchoma. Aliuliza bei tu. Miaka thelathini alikuwa na mtu wa nyumbani ambaye angemfundisha kitambaa kwa kikombe cha chai, akamchukulia kama mzee wa kusaidiwa nauli.

Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, za reja reja zikiwemo, na Kariakoo watu walipiga vigelegele. Nilimwona muuzaji wetu naye akipiga. Sikuwa na moyo wa kumwuliza amri hiyo itamrudishia vipi mchoro wake, ilhali aliupeleka ng'ambo kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya aibu ile ya kiberiti alimfuata shemeji yake nyumbani, Manzese, usiku. Akasema maneno aliyopaswa kuyasema mwaka ule wa kiinua mgongo: "Shemeji, nitafutie wale wenzako. Tuchape."

Mzee akahesabu kwa vidole. Wawili wamefariki. Mmoja karudi Songea kulima. Mmoja ni mlinzi wa usiku kwenye ghorofa Mtaa wa Aggrey. Mmoja hajulikani aliko. Wa sita, mchanganya rangi asiye na mfano, yupo Mabibo, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Alikuwa na daftari lenye vipimo vyote: wekundu wa namna ngapi, chumvi kiasi gani, moto kiasi gani. Muuzaji akauliza daftari liko wapi. Mzee akamwambia walikwisha kulitumia kuwashia mkaa, ukurasa baada ya ukurasa, zamani tu.

Marobota yale yaliuzwa kwa mawinga kwa hasara. Fremu moja imepangishwa kwa muuza vioo vya simu. Mkewe, mwenye neno, hajavaa khanga ile hata siku moja. Anasema inamtoa jasho.

Nawe ukienda Uhuru kesho kununua doti, usione haya. Omba uzi mmoja, uwashe kiberiti. Muuzaji akikasirika, muulize kwa upole kama yeye mwenyewe amewahi kuuwasha.