Jamaa Wanapogombana Katika Simu

Siku hizi ni nadra kupata ukoo usio na kundi lake la WhatsApp. Humo bibi huletewa picha ya kitukuu, humo twapashana habari za msiba, na humo michango ya arusi hukusanywa. Ni jambo jema, wala hatuna nia ya kulilaumu. Lakini wako ndugu wa tumbo moja ambao leo hawaamkiani kwa sababu ya maneno machache yaliyoandikwa humo usiku, mbele ya shangazi, wakwe na watoto.

Mara nyingi chanzo ni kidogo. Kaka aliyeko Mwanza auliza hesabu ya mchango wa matanga. Dada aliyeko Dar es Salaam, ambaye ndiye mtunza fedha, adhani ameitwa mwizi. Kama wangaliketi barazani angaliuona uso wa kaka yake, akajua kwamba anauliza tu. Katika simu aona maandishi matupu, na watu arobaini wanatazama. Hapo swali la hesabu lakoma, laanza swali la heshima. Nani atakubali kushindwa mbele ya mashemeji zake?

Katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Bwana wetu alitupangia njia ya kumwonya ndugu aliyekosa. Kwanza ni wawili peke yao. Asiposikia, waitwe mmoja au wawili zaidi. Akikaidi na hao, ndipo Kanisa liambiwe. Sisi twaanzia mwishoni. Twaliambia kusanyiko lote kwanza, kisha wazee wawili watatu hutumwa kusuluhisha, na baada ya miaka wale wawili hukutana peke yao, pengine kwenye mazishi.

Mtu atatuuliza, je, uongo uachwe usambae? La, hasha. Mt. Tomaso wa Akwino alitenga kosa la siri na kosa la wazi, na la wazi alikubali likemewe wazi, kwa faida ya wale walioliona. Aliyetangaza kundini dawa isiyo dawa asahihishwe mle mle, tena upesi, kabla mgonjwa hajaacha vidonge vyake. Ila lisahihishwe neno lake, si malezi ya mama yake!

Wengine husema heri kunyamaza. Hatukubali sana. Anayetoka kundini bila neno amekwisha sema neno kubwa, na sisi wenyewe tumepata kujibu "Sawa" tukiwa na hasira, tukajidai kwamba tumevumilia.

Mt. Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichokubaliwa na Papa mwaka 1548, ataka Mkristo awe mwepesi kuyapa maneno ya mwenzake maana njema kuliko kuyahukumu. Na asipoweza, amwulize ana maana gani. Kuuliza huko kwahitaji sauti. Basi aliyepokea neno kali saa nne usiku na aiweke simu chini mpaka asubuhi. Kisha ampigie ndugu yake, amwamkie, amwulize habari za watoto, ndipo amwulize, "Jana ulitaka kusema nini?" Wakipatana, warudi kundini wote wawili waandike kwamba wamepatana, maana watoto waliosoma ugomvi wao wastahili kusoma na hayo.