Mwindaji na Picha ya Ayala

Je, mtu aweza kumpenda kwa kweli mnyama amwuaye kwa mchezo tu? Mwenye njaa akiua, twaielewa sababu yake; lakini aliyeshiba ana hoja gani?

Palikuwa na mchoraji Mwingereza, jina lake Edwin Landseer, aliyezaliwa London mwaka 1802. Mwaka 1824 alikwenda Uskoti mara ya kwanza, na tangu hapo alirudi mara nyingi katika milima ile, kuwinda na kuchora. Mnyama aliyempendeza mno huko ni ayala dume. Wasomaji wetu wamjua ayala kwa jina katika Zaburi: afanana na kulungu, ila ni mkubwa zaidi, na pembe zake zina matawi, nazo huanguka na kuota tena kila mwaka. Mwaka 1851 Landseer alionyesha picha ya ayala mwenye pembe za ncha kumi na mbili, amesimama mlimani kama mfalme katika nchi yake. Walakini mkono ule ule ulikuwa umekwisha kuchora ayala mwingine, achukuliwaye na maji ya mto, na mbwa wamemkamata.

Wako wasemao kwamba mwenye kuua hawezi kupenda. Wengine hujibu kwamba asiyewinda hawezi kumjua mnyama. Hawa wa pili wana neno la kweli, maana Landseer alijifunza maumbile ya wanyama kwa kupasua mizoga, tena aliwachora ayala waliokwisha kuuawa. Uzuri tuuonao katika picha zake ulinunuliwa kwa damu. Lakini kujua si kupenda. Mchinjaji naye akijua kila kiungo cha ng'ombe.

Husimuliwa kwamba siku moja mawindoni alitokea ayala mzuri sana. Landseer akamtia mtumishi bunduki mkononi, akatoa kitabu chake, akaanza kuchora. Watumishi wakanung'unika, kwa kuwa mawindo yamepotea. Sisi twaona kwamba saa ile ndipo alipopenda kweli, kwa sababu jicho liliuzuia mkono. Siku nyingine alipiga, wala uzuri wa picha zake hauondoi jambo hilo.

Basi tusijidanganye. Kusifu uzuri ni kazi nyepesi. Hata mtega mitego huisifu ngozi ya chui. Pendo hupimwa kwa kitu ambacho mkono ungaliweza kukitwaa, nao ukakiacha.